Sura ya Sita: Nzi, Uji na Herufi Iliyopotea

Tuanze na sentensi ya maneno ya herufi tatu tatu:

NZI ALA UJI HUO LEO PIA

Haina ushairi, lakini inaeleweka: yupo nzi, upo uji, na inaelekea mchezo huu ulikuwepo hata jana. Sasa mpe mtu aisome kwa masharti mawili. La kwanza, nafasi kati ya maneno zimefutwa, kwa hiyo anachokiona ni NZIALAUJIHUOLEOPIA. La pili, ahesabu herufi tatu atamke, ahesabu tatu nyingine atamke, hadi mwisho, bila kurudi nyuma wala kujiuliza kama anachotamka kina maana. Akianzia mahali pake, ataisoma barabara.

Badilisha herufi moja, J iwe Z: NZI ALA UZI HUO LEO PIA. Nzi sasa anakula uzi. Ni kosa, tena huenda likawa kosa kubwa, ila limekaa pale pale lilipoingia. HUO, LEO na PIA hazikuguswa. Kosa moja haliachi mke.

Rudi kwenye sentensi ya awali, uondoe herufi moja, ile A inayofuata NZI. Msomaji wetu, mtiifu kwa masharti yake, atatamka: NZI LAU JIH UOL EOP IA. Iliyopotea ni herufi moja kati ya kumi na nane, na baada ya NZI hakuna kilichopona. LAU nalo ni neno, lakini limezuka kwa bahati tu na halimfai nzi wala uji. Ukiingiza herufi ngeni badala ya kuondoa, tuseme T mbele ya ALA, utapata NZI TAL AUJ IHU OLE OPI A. Safari hii limejitokeza OLE, kana kwamba sentensi inajililia yenyewe.

Jeni zetu zimeandikwa kwa namna hiyo hiyo, na kinachozisoma ni kitiifu kuliko msomaji huyu. Yako makosa ya jeni yanayobadili herufi, na yako yanayovuruga hesabu. Mgawanyo wa herufi tatu tatu kuanzia mwanzo wa jeni huitwa fremu ya usomaji. Kosa la aina ya pili huihamisha fremu hiyo, na kila kinachofuata husomwa kombo. Tutakayoyaona katika sura hii yote yanatokana na jambo moja ambalo mwanzoni halikubaliki akilini: katika jeni, ukubwa wa hasara haupimwi kwa wingi wa herufi zilizopotea. Hupimwa kwa kugawanya kwa tatu.

Mshororo usio na kina

Wapenzi wa mashairi wanajua uzito wa hesabu. Malenga akitunga tarbia ya mizani kumi na sita, nane ukwapini na nane utaoni, halafu ukwapi mmoja ukapungukiwa mizani moja, shairi linakuwa guni na wajuzi watamcheka. Lakini kosa lenyewe halisafiri mbali. Kina cha kati kinamwambia msomaji kwamba kipande kimekwisha, na utao unaanza kwa hesabu yake yenyewe. Mshororo unaofuata hauna habari na yaliyotokea juu yake.

Jeni haina kina cha kati. Haina kituo, haina mshororo mpya, haina ubeti. Ni mfululizo mmoja wa herufi nne, A, T, G na C, vifupisho vya kemikali adenini, thaimini, guanini na sitosini. Seli inapohitaji protini fulani, hunakili jeni yake kwenye uzi wa RNA. Kisha ribosomu, mtambo mdogo ambao seli moja huwa nayo kwa maelfu, huushika uzi ule na kuusoma herufi tatu tatu. Kila kundi la herufi tatu huitwa kodoni, na kila kodoni huita asidi amino moja ije iungwe kwenye mnyororo. Mnyororo ukikamilika hujikunja, ukawa protini: msuli, kimeng'enya, kingamwili.

Herufi nne zikipangwa tatu tatu hutoa kodoni 64. Kati ya hizo, 61 huita asidi amino. Na kwa kuwa asidi amino ni za aina 20 tu, nyingi zina kodoni zaidi ya moja. Tatu zilizobaki, TAA, TAG na TGA, haziiti kitu. Hizo ni amri ya kusimama. (Katika RNA nafasi ya T huchukuliwa na U, ila hapa nitaandika T kote tusije tukapotezana.) Kuanza nako kuna alama yake, ATG. Hapo ndipo hesabu inapofungwa, na baada ya hapo ribosomu haipewi alama nyingine ya kuiambia iko wapi. Inachojua ni tatu, tatu, tatu.

Fremu ikihama, ribosomu huendelea na kazi kama kawaida, ila sasa inasoma maneno ambayo hakuna aliyeyakusudia. Kwa kuwa kodoni 3 kati ya 64 ni za kusimama, usomaji wa kubahatisha hukutana na mojawapo kwa wastani kila baada ya kodoni ishirini na moja hivi. Ndiyo sababu protini iliyohamishiwa fremu huwa na sura inayofanana popote itokeapo: kichwa kizuri, mkia mfupi wa asidi amino zisizo na mpango, kisha imekatika. Mara nyingi hata hiyo haipatikani, kwa maana seli ina wakaguzi wake ambao huutambua ujumbe uliowekewa kituo mapema mno na kuusagasaga.

Sahani ya usiku

Haya yote tunayasema leo kwa wepesi. Mwaka 1961 hakuna aliyekuwa na hakika kwamba kodoni ina herufi tatu. Umbo la DNA lilikuwa limejulikana tangu 1953, na hesabu ilidokeza tatu: herufi mbili mbili hutoa maneno 16 tu, pungufu kwa asidi amino 20, ilhali tatu tatu hutoa 64, nyingi kupita mahitaji. Lakini hesabu ya mezani si ushahidi. Swali jingine lilikuwa la nafasi kati ya maneno: seli inajuaje neno linaanzia wapi?

Francis Crick alikuwa na jibu lake. Mwaka 1957, pamoja na John Griffith na Leslie Orgel, alipendekeza kwamba ni kodoni 20 tu kati ya 64 zenye maana, nazo zimeteuliwa kwa ustadi kiasi kwamba ukianza kusoma mahali pasipo pake hupati neno lolote halali. Lugha ya namna hiyo isingehitaji nafasi wala kuhesabu tangu mwanzo. Ilikuwa nadharia maridadi, na ilitoa namba 20 yenyewe. Haikuwa kweli, na kati ya walioizika alikuwemo Crick mwenyewe.

Vifaa vya kazi hiyo vilikuwa vya kawaida. Kulikuwa na bakteria wa utumbo, E. coli, na kirusi kinachowaua, T4. Ukimwaga bakteria kwenye sahani ya maabara, wataota wakatanda kama zulia jeupe. Ukiwatia virusi, kila mahali kirusi kimoja kilipoanza kuzaana zulia litatoboka, na utaona tundu kwa macho bila darubini. Jeni waliyoichunguza, iitwayo rIIB, ina sifa ya kufaa sana: ikiharibika, kirusi hushindwa kabisa kuzaana katika aina fulani ya E. coli. Kwa hiyo jibu husomwa haraka. Pana matundu, jeni inafanya kazi. Zulia zima, jeni imekufa.

Cha kuharibia kilikuwa proflavini, rangi ya manjano iliyotumika kusafishia vidonda katika Vita Kuu ya Pili. Crick, Sydney Brenner na wenzao walikuwa wameona kwamba makosa yanayoletwa na proflavini si ya kawaida. Kemikali nyingine mara nyingi hudhoofisha jeni ikabaki inachechemea, proflavini huizima. Walikisia kwamba rangi hii hujipenyeza kati ya herufi na kuisababisha seli, wakati wa kunakili, iongeze herufi au iruke moja.

Crick, aliyezoea zaidi kufikiri na kubishana kuliko kushika vyombo, safari hii aliingia maabara mwenyewe. Alianza na kosa moja lililoletwa na proflavini, akaliita FC 0 kwa herufi za jina lake. Akatafuta virusi ambavyo vilionekana kupona. Alipovichunguza, akakuta kwamba vingi havikupona hata kidogo. Kosa la kwanza lilikuwa bado lipo. Kilichotokea ni kwamba kosa la pili lilikuwa limeingia karibu yake, na mawili hayo kwa pamoja yalifuta madhara. Kila moja likikaa peke yake liliua jeni.

Rudi kwa nzi wetu. Ondoa A kama tulivyofanya, kisha mbele kidogo ingiza K: NZI LAU JIH UOK LEO PIA. Katikati pameharibika, lakini LEO na PIA zimerudi, kwa kuwa pungufu ya kwanza imelipwa na ziada ya pili. Crick aliyapa makosa yake alama za kujumlisha na kutoa. Ipi hasa ni ziada na ipi ni pungufu hakujua, na haikujalisha. La msingi ni kwamba jumlisha na kutoa zikikutana, jeni iliishi. Jumlisha mbili, jeni ilikufa. Kutoa mbili, vivyo hivyo.

Likabaki jaribio moja. Kama neno ni la herufi tatu, basi jumlisha tatu zikiwekwa pamoja katika jeni moja lazima zirudishe usomaji mahali pake: NZI TAL KAU SJI HUO LEO PIA. Makosa matatu, kila moja likiua peke yake, na mawili mawili yakiua pia, yakiwa matatu yangeponya. Kwa akili ya kawaida jambo hilo ni kichekesho. Anayeongeza ugonjwa wa tatu juu ya miwili hategemei mgonjwa ainuke.

Usiku, maabara ya Cambridge ikiwa imetulia, Crick na Leslie Barnett, mwanamama aliyefanya naye kazi hiyo bega kwa bega, walirudi kuitazama sahani ya makosa matatu. Ilikuwa na matundu. Kwanza walihakikisha hawakuchanganya sahani. Kisha Crick akamwambia mwenzake kwamba kwa wakati ule ni wao wawili tu duniani wanaojua kuwa lugha ya jeni ni ya herufi tatu.

Makala yao, iliyobeba pia majina ya Brenner na R. J. Watts-Tobin, ilichapishwa katika jarida la Nature tarehe 30 Desemba 1961. Ilisema kwamba kodoni ni ya herufi tatu, au kwa uwezekano mdogo kigawe cha tatu. Kwamba hakuna alama kati ya kodoni na yote hutegemea mahali pa kuanzia. Na kwamba kodoni nyingi, si 20 tu, zina maana, maana vinginevyo ile sehemu iliyovurugika katikati ingemkwamisha msomaji asifike upande wa pili. Kwa hoja hiyo ya mwisho Crick aliifunga nadharia yake ya 1957 kwa mkono wake. Mwaka huo huo, huko Bethesda, Marekani, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walisoma neno la kwanza la kamusi, TTT, linaloita fenilalanini. Kufikia 1966 kamusi yote ilikuwa imekamilika.

Kituo kilichojificha

Tutoke kwenye virusi, tuingie mwilini mwa mtoto. Mwaka 1881 daktari wa macho wa Uingereza, Warren Tay, aliona doa jekundu ndani ya macho ya mtoto mchanga ambaye alikuwa akidhoofika. Miaka michache baadaye Bernard Sachs wa New York alieleza ugonjwa wenyewe. Mtoto huzaliwa mzima, hucheka, hugeuka. Kisha kwenye miezi sita hivi huanza kurudi nyuma. Shingo hulegea, macho hupofuka, na kwa kawaida hafiki mbali zaidi ya miaka minne au mitano. Kinachokosekana ni kimeng'enya kinachovunja mafuta fulani kwenye seli za ubongo, na jeni yake huitwa HEXA.

Mwaka 1988 ilijulikana ni kosa gani linalobebwa zaidi na Wayahudi wa asili ya Ulaya mashariki, jamii ambayo ugonjwa huu uliisumbua kuliko nyingine. Kipande husika cha jeni iliyo nzima husomeka hivi:

CGT ATA TCC TAT GCC CCT GAC

Na hiki ndicho cha jeni iliyoharibika:

CGT ATA TCT ATC CTA TGC CCC TGA

Fuatisha kwa kidole. Kodoni mbili za kwanza ni zile zile. Kisha zimeingia herufi nne, TATC, ambazo ni marudio ya herufi zilizokuwepo tayari hapo jirani, kama mnakili aliyesinzia akaandika silabi mara mbili. Kodoni ya tatu, TCT, imebadilika kwa maandishi ila bado inaita serini kama TCC. Baada ya hapo njia zinaachana. Badala ya tairosini, alanini na prolini zinakuja isoleusini, leusini, sisteini na prolini. Kisha TGA: simama.

Hiyo TGA haikuletwa na kosa. Itazame tena safu ya juu, mwishoni, CCT GAC. Herufi T, G na A zilikuwepo siku zote, zimekaa bega kwa bega, ila zilikuwa zimegawanywa kati ya kodoni mbili na ribosomu haikuziona kuwa neno. Jeni zetu zimejaa vituo vya namna hii vilivyojificha kwenye fremu ambazo hazisomwi. Kuhama kwa fremu huvifichua.

Herufi zilizoongezeka hapa ni nne. Je, zingekuwa tatu? Tunao mfano wa karibu na huo, ugonjwa wa sistiki faibrosisi, unaoziba mapafu kwa makamasi mazito na kuwapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Kosa lake lililoenea kuliko yote, lililogunduliwa mwaka 1989, ni kupotea kwa herufi tatu. Matokeo yake ni asidi amino moja kukosekana kati ya 1,480. Fremu haikuhama. Msomaji asidhani basi kwamba tatu ni salama daima: protini hiyo hujikunja vibaya, na kabla ya dawa za kisasa ugonjwa huu uliua watoto wengi. Lakini protini ipo, karibu nzima, imepinda tu. Ndiyo maana mwaka 2019 Marekani iliidhinisha mchanganyiko wa dawa unaoshikilia protini hiyo hadi ikae sawa, na wagonjwa wengi wakapata nafuu ambayo wazazi wao hawakuiota. Kilichopinda kinaweza kunyooshwa. Kisichotengenezwa hakina cha kunyoosha.

109 na 342

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye misuli. Jeni ya distrofini ni mojawapo ya jeni ndefu kupita zote tulizonazo, zaidi ya herufi milioni mbili, ingawa zinazotafsiriwa kuwa protini zimo katika vipande 79 tu viitwavyo ekisoni. Seli hunakili jeni yote, hukata visivyohitajika, kisha huunga ekisoni moja baada ya nyingine. Protini inayopatikana ni kama kamba ndefu inayoifunga mashine ya ndani ya msuli kwenye ukuta wa seli. Kamba ikikosekana, kila msuli unapojikaza ukuta huchanika.

Jeni hii iko kwenye kromosomu ya X, kwa hiyo wanaougua ni wavulana, isipokuwa mara chache. Ugonjwa huja kwa sura mbili. Wa Duchenne humpata mtoto mdogo: anachelewa kukimbia, anapanda ngazi kwa shida, akianguka huinuka kwa kujishika mapaja, na akikaribia miaka kumi na miwili mara nyingi yumo kwenye kiti cha magurudumu. Wa Becker ni mpole zaidi, na wapo wanaotembea hadi utu uzima. Wote wawili hutokana na jeni ile ile, na mara nyingi kosa ni kipande cha jeni kilichopotea.

Madaktari walitarajia kwamba aliyepoteza kidogo ataugua kidogo. Walipoanza kupima, hawakukuta hivyo. Walikuwepo wagonjwa wa Becker waliopoteza vipande vikubwa, na watoto wa Duchenne waliopoteza ekisoni moja. Mwaka 1988 Anthony Monaco na wenzake walieleza kwa nini: hesabu zile zile za Crick.

Chukua ekisoni ya 50. Ina herufi 109. Gawanya kwa tatu: 36, na inabaki moja. Mtoto aliyezipoteza hizo 109 husomewa jeni yake kombo kuanzia hapo, kituo hutokea mapema, kamba haitengenezwi. Hiyo ni Duchenne. Sasa chukua na jirani yake, ekisoni ya 51, yenye herufi 233: 77, zinabaki mbili. Mtu akipoteza zote mbili, amepoteza herufi 342, zaidi ya mara tatu ya mwenzake. Lakini 342 ni tatu mara 114 kamili. Kamba yake imepungukiwa asidi amino 114 katikati, ncha zote mbili zipo, na inafunga kama kawaida ila ni fupi kidogo. Hiyo ni Becker.

Kutokana na hesabu hizi lilizaliwa wazo ambalo Crick angelitambua mara moja. Kama mtoto amepoteza ekisoni ya 50, usihangaike kumrudishia. Mpotezee na ya 51. Dawa iitwayo eteplirsen ni uzi mfupi uliotengenezwa maabara, unaofunika ekisoni ya 51 wakati seli inaunga vipande, na seli huiruka. Marekani iliiruhusu mwaka 2016 katikati ya mabishano makali ya wataalamu, maana kiasi cha distrofini kilichopatikana kilikuwa kidogo. Nayo inawafaa takriban asilimia 13 tu ya wagonjwa wa Duchenne. Si tiba ya kushangilia bado. Lakini kumtibu mtu aliyepungukiwa kwa kumpunguzia zaidi ni ile sahani ya usiku wa Cambridge, imehamia hospitalini.

Anayeteleza kwa makusudi

Kufikia hapa ungedhani ribosomu haikosei hesabu kamwe, na kwamba ikikosea ni msiba. Virusi vya Ukimwi vinategemea ikosee.

HIV ina nafasi ndogo ya kuandikia, na jeni zake mbili kubwa zimepandana: ya pili imeandikwa katika fremu iliyo herufi moja nyuma ya ile ya kwanza. Mahali zinapokutana, RNA ya kirusi ina safu ya T sita ikifuatiwa na A, na mbele yake uzi umejikunja ukafanya kifundo. Ribosomu hukigonga kifundo, husita, na kwa kuwa T zote zinafanana, mara moja hivi katika ishirini huteleza nyuma herufi moja na kuendelea katika fremu mpya. Mara kumi na tisa hupata protini za kujengea ganda la kirusi. Mara ya ishirini hupata mnyororo mrefu wenye vimeng'enya vyake, vikiwemo vile vinavyolengwa na dawa za kufubaza virusi. Uwiano huo ukivurugwa, kirusi hudhoofika. Kirusi cha korona kilichosababisha Uviko-19 nacho hutumia utelezi wa aina hii.

Herufi kwenye kadi ya damu

Kosa la mwisho la sura hii huenda unalo wewe mwenyewe.

Karl Landsteiner aliyabaini makundi ya damu huko Vienna mwaka 1901. Sababu yake kikemikali ilikuja kueleweka baadaye: juu ya seli nyekundu kuna vishikizo vya sukari, na jeni moja, ABO, hutengeneza kimeng'enya kinachoongeza sukari ya mwisho. Wenye kundi A huongeza sukari ya aina moja, wenye B ya aina nyingine. Wenye O hawaongezi kitu. Mwaka 1990 Fumiichiro Yamamoto na wenzake waliisoma jeni hiyo, na tofauti ya A na B ikawa ya herufi chache zilizobadilishwa, asidi amino nne kwa jumla. Ni uji na uzi. Kundi O lilikuwa jambo jingine kabisa. Jeni ya A husomeka:

GTG GTG ACC CCT TGG

Na ya O, katika aina yake iliyoenea zaidi:

GTG GTA CCC CTT GG

Imekosekana G moja, ya 261 tangu mwanzo. Kimeng'enya kilichopaswa kuwa na asidi amino 354 hukatika baada ya 117, hakifai kwa lolote, na vishikizo vya sukari hubaki wazi. Kundi la O si damu yenye kitu chake cha pekee. Ni jeni ya A iliyohamishwa fremu.

Kwa kigezo cha HEXA na distrofini, kosa kama hili lingepaswa kuwa adimu. Badala yake, O ndilo kundi lenye watu wengi kuliko mengine katika Afrika Mashariki na sehemu kubwa ya dunia. Mwenye O huishi, huzaa na kuzeeka bila kukitamani kimeng'enya kile. Isitoshe, kukikosa kuna faida. Seli nyekundu iliyoingiliwa na vimelea vya malaria hugandamana na seli nzima zinazoizunguka, na mafundo hayo huziba mishipa midogo, ikiwemo ya ubongo. Sukari za A na B ni kati ya vitu ambavyo seli hiyo hushikilia. Juu ya seli za O mafundo hayo hushika kwa udhaifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu watoto wa Mali ulionyesha kwamba wenye O hupatwa kwa nadra zaidi na malaria kali, na uchunguzi wa watoto wa Kilifi, Kenya, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta hivyo hivyo. Mbu atamuuma mwenye O kama wengine na homa ataipata. Asiache kutumia chandarua. Kinachopungua ni hatari ya kufikia kuzimia na kufa. Na faida hiyo ina gharama yake, maana kipindupindu kikimpata mwenye O huwa kikali zaidi.

Kosa la HEXA na kosa la ABO yamefanywa kwa namna moja. Katika yote mawili hesabu ilivurugika, kituo kilichojificha kikafichuka, kimeng'enya kikakatika. Moja humwondoa mtoto kabla hajajua kusoma. La pili huandikwa kwenye kadi ya mchangiaji damu, na mwenye nalo huambiwa kwamba damu yake inatafutwa sana, kwa kuwa chembe zake nyekundu zinaweza kupewa watu wa makundi mengine. Ribosomu haikutofautisha kati ya hayo mawili. Ilihesabu tatu, tatu, tatu, ikafika mahali palipoandikwa simama, ikasimama.

Ukishika kadi hiyo, itazame O yako kwa makini. Hapo ndipo G ya 261 ilipodondoka.